Kunyamaza si kukubali: Hukumu ya makato ya kila siku katika simu

Miongoni mwa mambo yanayowasumbua watu katika miji yetu, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, na ambayo ni nadra kuyasikia yakizungumzwa katika khutba, ni salio la simu kukatwa kwa ajili ya huduma ambazo mwenye simu hakumbuki kuziomba. Kuna meseji za matokeo ya mpira, za nyota, za mapenzi, na milio anayoisikia anayekupigia. Zipo pia, na hili ndilo la kusikitisha zaidi, meseji za aya na hadithi. Mtu hujiunga siku moja, pengine kwa kubonyeza namba asiyoijua maana yake, na kuanzia hapo huduma hujirudia yenyewe leo, kesho na keshokutwa, mpaka ajitoe. Namna ya kujiunga huletewa mkononi. Namna ya kujitoa aitafute mwenyewe.

Chukua mfano wa mzee anayeishi Shanwe, hapa Manispaa ya Mpanda. Ananunua vocha ya shs. 500 ili ampigie mwanawe aliyeko Tabora. Kabla hajapiga, shs. 100 imeshaondoka. Kesho ni vivyo hivyo. Kwa mwaka hizo ni shs. 36,500, na kwa mzee anayesubiri mavuno ya mahindi ili apate fedha, hicho si kiasi kidogo. Meseji zenyewe hazifungui kwa sababu hasomi maandishi ya simu. Ukimuuliza atakwambia mtandao unakula pesa, basi. Tujiulize, fedha hiyo ni halali kwa huyo anayeichukua?

Msingi wa jambo hili uko katika Suratun-Nisaa aya ya 29, ambapo Allah (s.w.) amewakataza waumini kuliana mali zao kwa batili, isipokuwa iwe ni biashara ya kuridhiana. Aya haikutosheka na neno biashara. Imeweka na sharti la ridhaa ya pande zote mbili.

Hapo mwenye kampuni atasema: "Lakini huyu alijiunga mwenyewe, na masharti yalisema huduma itaendelea mpaka ajitoe. Waislamu si wameamrishwa kutimiza mikataba?" Hoja hii si ya kupuuzwa. Kutimiza mikataba kumeamrishwa mwanzoni kabisa mwa Suratul-Maida. Basi na tuitazame kwa makini.

Huenda wengine wakashangaa kusikia kwamba mkataba unaojirudia wenyewe si jambo jipya. Mafaqihi wa zamani waliujadili katika mlango wa ijara, yaani upangishaji. Walijiuliza: mtu akimwambia mwenzake, nakupangisha nyumba hii kila mwezi kwa dirham moja, asitaje ni miezi mingapi, mkataba huo una hukumu gani? Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu Afrika Mashariki tunayoifuata, kauli iliyo sahihi ni kuwa mkataba huo haufai, kwa sababu muda haujulikani. Mahanafi wamelegeza kidogo. Wao wamesema mkataba unasihi kwa mwezi wa kwanza tu. Mwezi ukiisha, kila mmoja ana haki ya kujitoa. Lakini mpangaji akiendelea kukaa ndani ya nyumba mwezi wa pili ulipoingia, basi amefunga mkataba wa mwezi huo.

Angalia vizuri kitu kinachoufunga mwezi wa pili. Si ukimya wa mpangaji, bali ni kule kukaa kwake. Yeye anajua kuwa analala ndani ya nyumba ya mtu, anajua mwezi umeandama, na mlango uko wazi akitaka kutoka. Kitendo chake kimesema kwa niaba ya ulimi wake. Sasa mzee wetu wa Shanwe amekaa katika nyumba gani? Meseji imeingia katika simu iliyo mfukoni na hakuifungua. Hajui kuwa kuna siku mpya iliyoanza kuhesabiwa, na mlango wa kutokea hajaonyeshwa. Kwa hiyo hata kwa kauli iliyo nyepesi zaidi, siku ya pili haina mkataba.

Ndiyo maana ikawekwa ile kanuni mashuhuri ya fiqhi, iliyoingizwa pia katika Majalla ya Dola ya Uthmaniya kama kanuni ya 67, kuwa aliyenyamaza hanasibishwi na kauli. Kanuni hiyo hiyo inaongeza kuwa pale mtu anapotakiwa aseme, kunyamaza kwake huhesabiwa ni kusema. Lakini atatakiwaje kusema mtu ambaye hakuulizwa?

Upo pia mfano wa Swahaba Habban bin Munqidh (r.a.), aliyekuwa akipunjwa katika kuuza na kununua. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aseme kila anapouziana na mtu kuwa hakuna kulaghaiana, akapewa na hiari ya siku tatu. Hakuambiwa kuwa hilo ni shauri lake kwa kutokuwa mwerevu. Siku hizi mtu akilalamika huambiwa kwamba kosa ni lake, kwa nini alibonyeza.

Tukija kwenye sheria za nchi, msingi hauko mbali na huo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema katika kifungu cha 10 kuwa makubaliano huwa mkataba yakifanywa kwa ridhaa huru, na kifungu cha 13 kinaeleza kuwa ridhaa ni watu wawili kukubaliana juu ya kitu kile kile kwa maana ile ile. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Na zile kanuni ndogo za vifurushi za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zilizoanza tarehe 2 Aprili 2021, ziliwataka watoa huduma wamwarifu mteja matumizi yanapofika asilimia 75 na asilimia 100, na wampe nafasi ya kukubali au kukataa kuendelea kwa gharama za nje ya kifurushi. Wengi wanaikumbuka siku ile kwa zogo la bei mpya, ambazo Serikali ilizisitisha upesi, na hili jema la kuulizwa kwanza likafunikwa. Kwa maoni yangu, hatua hiyo ndiyo inayotakiwa kwa kila huduma inayojirudia: uliza kwanza, kisha ndipo ukate.

Wenzetu wameshaifanya. India tangu 2013 iliamuru uthibitisho mara mbili kabla ya mteja kuingizwa katika huduma ya kulipia. Nigeria mwaka 2016 iliweka namba moja, 2442, ya kuzuia meseji zisizoombwa kwa mitandao yote. Ujerumani tangu Julai 2022 inataka mkataba uliofungwa katika intaneti uwe na kitufe cha kuuvunjia. Marekani kanuni ya namna hiyo ilipitishwa Oktoba 2024 lakini mahakama ya rufaa ikaifuta Julai 2025 kwa kasoro ya utaratibu. Hata hivyo ni huko huko ambako mwaka 2014 kampuni ya AT&T ilikubali kulipa dola milioni 105 kwa makato ya meseji za nyota, mapenzi na milio ya simu ambayo wateja hawakuyaridhia. Ilidaiwa kwamba kampuni ilibakiza si chini ya asilimia 35 ya makato hayo.

Asilimia hiyo inatuleta kwenye lile jambo zito. Meseji ya hadithi au kaswida inapouzwa kwa mtindo huu, fedha hugawanywa kati ya mtandao, kampuni ya kati na mwenye maudhui, na huyo wa mwisho anaweza kuwa sheikh, madrasa au kikundi cha kaswida. Wanaopata mgao wa namna hiyo wasijipumbaze kuwa maneno ni ya kheri. Mwenye kununua kwa ridhaa, chake ni halali. Shs. 100 ya mtu asiyejua haitakasiki kwa kutumiwa hadithi ndani yake. Anayeingia mkataba na mtandao aweke sharti la maandishi: huduma iwe ya siku au mwezi uliotajwa, ikiisha mteja aulizwe, na asiyejibu aondolewe.

Kwa aliyekwisha kukatwa, aanze kwa kupiga huduma kwa wateja wa mtandao wake, aombe orodha ya huduma zote alizounganishwa na aziondoe, na aandike tarehe pamoja na jina la aliyemhudumia. Asiporidhika apeleke lalamiko TCRA kwa maandishi. Vijana wa msikitini wangeweza kuwafanyia wazee kazi hii baada ya swala ya Ijumaa, kwani kuikagua simu moja hakuchukui muda mrefu.

Na madai yasiishie kwenye kuondolewa. Mtume (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Ibn Majah, amemuahidi msamaha wa Allah anayekubali kumvunjia mwenzake mauziano aliyoyajutia, na hayo ni mauziano yaliyokuwa sahihi. Haya hayakuwa sahihi tangu siku ya pili, kwa hiyo mali inarudi kwa mwenyewe. Kampuni haiwezi kusema wenye haki hawajulikani, kwani namba ya kila mmoja, tarehe na kiasi alichokatwa vyote imeviandika.