Dondoo muhimu: Kamera ya kwanza na picha za vitu vidogo

• Anayenunua kamera ya DSLR iliyokwishatumika, yaani kamera yenye kioo cha ndani na lenzi ya kubadilishwa, aimulike lenzi kwa tochi, kwa kuwa unyevu wa Unguja huotesha kuvu ndani yake.

• Kwa karafuu au mishono ya kofia ya Kizanzibari, ifaayo ni lenzi ya makro, ambayo hukinasa kitu kidogo kwa karibu sana.

• Kamera ikae juu ya tripodi, na tundu la lenzi lipunguzwe hadi f/8 au f/11, ili sehemu kubwa ya kitu ionekane wazi.

• Kivuli cha baraza za Ng'ambo, mjini Zanzibar, hutoa mwanga laini, unaofaa kuliko jua la mchana.