Simu na Usingizi wa Watoto Wetu

Mzazi akimwona mwanawe ameketi kimya na simu mkononi hufurahi, akisema, "Leo hanisumbui." Mwezi huu twataka kuuchunguza ukimya huo, maana si kila kimya ni amani.

Simu iitwayo iPhone ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2007. Katika miaka iliyofuata, vijana wenye huzuni na hofu waliongezeka katika nchi ile, hasa wasichana. Mwaka 2024 mtaalamu Jonathan Haidt alitoa kitabu cha kuzishitaki simu na mitandao ya kijamii. Mwenziwe, Candice Odgers, alimjibu kwamba sababu za huzuni ni nyingi, wala ushahidi hautoshi kuihukumu simu peke yake.

Hatuwezi kuamua shauri lao. Lakini jambo moja twaliona kwa macho yetu: siku ina saa 24 tu, na kila saa iliyotumiwa kwa simu imetolewa mahali pengine.

Kwanza, hutolewa katika usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 yampasa kulala saa 8 hadi 10. Simu ikiwa chini ya mto wake, humwamsha. Naye akikosa usingizi, huwa mwepesi wa hasira na huzuni.

Pili, hutolewa katika mchezo, ambamo mtoto hujifunza kushindwa, kugombana na kupatana.

Tatu, hutolewa katika mazungumzo. Mtoto asiyezoea kutuambia habari ndogo, atatuambiaje neno zito siku ya taabu?

Tangu Desemba 2025 sheria ya Australia yawazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii. Lakini sheria haiingii chumbani usiku. Huko ni kazi ya mzazi. Basi simu zote zilale sebuleni, na zetu ziwe za kwanza, maana mtoto hufuata atendalo mzazi kuliko asemalo.

Tena, kijana akikaa majuma mawili katika huzuni, hali wala halali vema, tusimwite mvivu. Tumpeleke kwa mganga hospitalini, kama tumpelekavyo mwenye homa.

Jioni hii tumwulize mtoto, "Jana ulilala saa ngapi? Ni nini kilichokukesha?" Kisha tuweke simu zetu kando, tumsikilize.