Chini ya Majani Mabichi

Somo: Kutoka 23:2, Warumi 12:17–21 na 13:1–4



Wengi wetu tunalijua jina la Mama Grace Ogot, mwandishi aliyezaliwa hapa kwetu Asembo mwaka 1930. Katika kitabu chake Land Without Thunder, kilichotoka 1968, kuna hadithi fupi ya majani mabichi. Wanakijiji wanawafukuza wezi wa ng'ombe usiku. Mmoja wanampiga, wanadhani amekufa, wanamfunika kwa majani mabichi na kwenda kulala. Wanajua sheria ya mzungu itauliza nani ameua. Lakini wanajipa moyo kwamba kundi likiua mwizi, hakuna muuaji.

Nyagar, mmoja wao, anarudi gizani peke yake. Anataka pesa za mwizi. Kumbe mwizi hajafa! Asubuhi majani yanafunuliwa, na anayelala pale ni Nyagar.

Hadithi hiyo hunitisha kwa sababu Nyagar namjua. Siku moja ufuoni kijana alishikwa na injini ya mashua ya wenyewe. Nami nilikimbia na jiwe. Tukiwa tumemzunguka, nikamwona mwenzetu akitia mkono mfukoni mwa kijana, akatoa simu, akaificha. Sikusema neno. Jiwe lilikuwa bado mkononi mwangu. Polisi walimkuta kijana akiwa hai, lakini si kwa sababu yangu.

Tuambiane ukweli. Huwa tunasema, "Ni raia walifanya." Lakini Kutoka 23:2 inatukataza kuwafuata wengi katika uovu. Mbele za Mungu kila mkono unahesabiwa peke yake. Hata Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 26, inalinda uhai wa kila mtu, na cha 50 inampa mshtakiwa haki ya kusikilizwa.

Utaniuliza, "Na mwenye injini je? Watoto wake watakula nini?" Uchungu wake ni wa kweli. Paulo hasemi uovu uachwe tu. Anasema kisasi tumwachie Mungu, kisha sura ya 13 inaonyesha kwamba Mungu ameweka mamlaka ya kuadhibu. Basi mshike mwizi, mpeleke kituoni, andikisha ripoti, na siku ya kesi ufike kutoa ushahidi. Kurusha jiwe ni rahisi kuliko kufika kortini, si ndiyo?

Tuombe: Bwana, nifunue mimi kwanza, kabla sijamhukumu mwenzangu. Amina.