Seva, Njia na Watu: Kinachoiweka Tovuti Hewani

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za mawasiliano zipitazo chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ikadhoofika katika sehemu kubwa ya Tanzania. Kwa mkoa wetu siku hiyo ilikuwa na uzito wake wa pekee, kwani zilikuwa zimebaki siku tatu tu kabla ya Ziwa Tanganyika kufungwa kwa shughuli za uvuvi, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Mvuvi wa Katonga, mchuuzi wa dagaa wa Ujiji na mwenye chombo pale Kibirizi walihitaji majibu yenye tarehe na masharti, si uvumi wa mwaloni.

Katika hali kama hiyo sote husema neno moja: mtandao umekufa. Neno hilo linafunika mambo matatu yaliyo mbalimbali, yaani mtambo unaohifadhi habari, njia inayozipitisha, na watu wanaovitunza vyote viwili. Asiyeyatenganisha hawezi kujua amlalamikie nani, wala halmashauri haiwezi kujua irekebishe nini. Somo hili linakusudia kuyatenganisha, na mfano tutakaoutumia ni Wikipedia, kamusi elezo iandikwayo na umma. Tumeichagua kwa sababu moja kubwa: watunzaji wake wana desturi ya kuziandika hadharani hitilafu zao, chanzo chake na namna zilivyotatuliwa. Taasisi nyingi duniani huficha habari za namna hiyo.

Seva ni nini hasa

Seva ni kompyuta kama nyingine, isipokuwa kazi yake ni kungoja maombi na kuyajibu usiku na mchana. Wikipedia ilipoanza tarehe 15 Januari 2001, seva moja iliitosha. Toleo la Kiswahili lilianza mwaka 2003, na leo lina makala zaidi ya 80,000. Mwanafunzi wa Ujiji anaweza kusoma humo habari za mji wake, au za meli ya Liemba. Hadi mwaka 2005 mitambo yote ilikuwa mikononi mwa watu wa kujitolea zaidi kuliko waajiriwa. Mwaka huo ndipo mmoja wao, Brion Vibber, alipoajiriwa kuisimamia. Tovuti ilikuwa tayari inajulikana dunia nzima, nao waliokuwa wakiishika wangeweza kukaa katika chumba kimoja cha darasa na viti vikabaki.

Februari 2005 kikundi hicho kidogo kilipata mtihani. Seva zilikuwa Tampa, katika jimbo la Florida nchini Marekani, ndani ya jengo la kampuni ya kupangisha nafasi za mitambo. Jengo lilikuwa na jenereta madhubuti. Lakini hitilafu haikutokea nje, kwenye umeme wa mji. Swichi za kinga zilijikata humo humo ndani ya jengo, na jenereta likawa halina la kusaidia. Sisi wa Kigoma, tuliokaa miaka mingi na umeme wa majenereta ya dizeli kabla ya mkoa kuanza kuingizwa katika gridi ya taifa mwaka 2022, tunalijua vyema jambo hili: kuwa na jenereta ni kitu kimoja, na umeme kuifikia taa yako ni kitu kingine.

Umeme uliporudi, mashine nyingi ziliwaka. Tatizo lilikuwa hifadhidata, yaani mahali maandishi yote yanapokaa. Diski huweza kudai kwamba imekwisha kuandika, kumbe maneno yangali katika kumbukumbu ya muda, na umeme ukikatika ghafla hupotea yakiwa nusu. Hifadhidata kuu na mojawapo ya nakala zake zilionekana kuharibika. Zilibaki nakala nyingine katika mashine nyingine. Hapa ndipo penye funzo ambalo mwandishi huyu angependa libandikwe katika kila ofisi yenye kompyuta: wale mafundi hawakukimbilia kutengeneza. Kwanza walinakili data ghafi za mashine zilizobaki, kama zilivyo, pamoja na kasoro zake, ndipo wakaanza kuzifufua. Walijua kwamba kufufua hifadhidata ni kuibadilisha, na jaribio likishindikana pasipo nakala hakuna pa kurudi. Tovuti ilikaa saa nyingi bila kufanya kazi kwa sababu ya tahadhari hiyo, na malalamiko hayakukosekana. Maandishi yalipona.

Watu wengi mlango mmoja

Tarehe 25 Juni 2009 alifariki mwanamuziki Michael Jackson, na katika muda mfupi watu wasiohesabika wakafungua makala moja ile ile. Kwa kawaida wingi wa wasomaji si tatizo. Ukurasa hutengenezwa mara moja, nakala yake iliyo tayari huwekwa katika hifadhi ya muda, na kila ajaye hupewa nakala hiyo. Ni kama mama lishe aliyekwisha pika sufuria ya wali: mteja wa ishirini hamsumbui kuliko wa kwanza. Lakini siku ile wahariri nao walikuwa wakiibadilisha makala kila mara, na kila badiliko liliifuta nakala iliyokuwa tayari. Mashine zote zikaanza kuupika upya ukurasa ule ule kwa wakati mmoja, kila moja peke yake, hadi zikalemewa na kuzivuta chini makala nyingine zisizohusika.

Dawa haikuwa kununua mashine zaidi. Mafundi waliandika programu ndogo, iitwayo PoolCounter, inayoweka utaratibu wa foleni: mashine moja hutengeneza ukurasa, nyingine hungoja, kisha zote hugawana matokeo. Ikibidi, msomaji hupewa nakala ya dakika chache zilizopita badala ya kukosa kabisa. Ukitaka kujua kwa nini tovuti hupata shida siku matokeo ya mitihani ya taifa yanapotangazwa, anza kuchunguza hapo. Mzigo wa siku moja huweza kuzidi wa miezi, nao hubisha hodi katika mlango mmoja.

Tarehe 24 Machi 2010 joto lilizidi katika kituo cha data kilichohudumia Ulaya, mashine zikajizima, na mafundi wakaamua kuwahamishia wasomaji wake Florida. Utaratibu wa kuhamisha ulikuwapo. Ulipohitajika, haukufanya kazi, na hitilafu ya bara moja ikawa ya dunia nzima. Tangu mwaka 2016 mafundi wa Wikipedia wameanzisha zoezi la kuhama kwa makusudi kutoka kituo kikuu kimoja hadi kingine, kati ya Virginia na Texas, na sasa hulifanya mara mbili kwa mwaka. Kwa dakika chache uandishi husimama, huku kusoma kukiendelea. Huhama pasipo shida yoyote, ili siku ya shida wawe wamekwisha hama mara nyingi.

Njia kutoka Kigoma

Msomaji akifungua makala akiwa Mwanga au Gungu, ombi lake husafiri hadi mnara wa simu, huingia katika nyaya za nchi kavu kama zile za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, na sehemu kubwa ya mawasiliano ya nje hupitia Dar es Salaam na nyaya za baharini. Wikipedia ina vituo vyake katika Marekani, Ulaya, Asia na Amerika ya Kusini. Cha Marseille, Ufaransa, kilianza kuhudumia wasomaji mwaka 2022. Afrika haina hata kimoja. Kwa hiyo Mei 2024 seva zilikuwa hai na watunzaji wake wako kazini, lakini njia ilikuwa imekatika. Tofauti hii si ya kitaalamu tu. Seva ikiharibika, habari zenyewe ziko hatarini. Njia ikikatika, habari ziko salama ila hazifikiki, na kwa muda huo tangazo la karatasi katika ofisi ya kata lina thamani kuliko kompyuta zote za wilaya.

Kwetu

Tovuti za mikoa na halmashauri zilizinduliwa Machi 2017 kwa ushirikiano wa Ofisi ya Rais TAMISEMI, Wakala ya Serikali Mtandao ya wakati ule (ambayo sasa ni Mamlaka) na mradi wa PS3. Zilijengwa kwa mfumo wa pamoja, na huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwani mzigo wa mitambo haukuachiwa kila halmashauri ujibebe peke yake. Kilichobaki wilayani ni watu. Kitengo cha TEHAMA kina maafisa wachache, nao hao hao ndio huitwa mashine ya kukusanyia ushuru inapogoma mwaloni, mfanyabiashara anapokwama katika mfumo wa TAUSI akiomba leseni, na tangazo la zabuni linapotakiwa kupanda leo kabla ya saa tisa na nusu.

Kwa maoni ya mwandishi, hatari iliyo karibu zaidi nasi haimo katika seva. Imo katika makabidhiano. Afisa akihamishwa na nywila ikabaki kichwani mwake, tovuti itaendelea kufunguka kama kawaida huku ikizeeka, na mwananchi atasoma ada ya mwaka juzi akidhani ni ya leo. Idara ikipeleka tangazo lisilo na tarehe, hakuna fundi awezaye kulitengeneza. Idara ikipeleka barua iliyopigwa picha, nzito kwa megabaiti nyingi, mkulima wa Mwandiga atakayeipakua kwa bando la siku atakuwa amelipia karatasi ambayo huenda simu yake isiifungue. Maandishi yale yale yakichapwa moja kwa moja katika ukurasa hayafikii hata sehemu ndogo ya uzito huo.

Nakala za akiba nazo ziulizwe swali lake. Ofisi nyingi zinaweza kuonyesha diski iliyofungiwa kabatini. Ni chache ziwezazo kutaja siku ya mwisho diski hiyo ilipochomekwa katika kompyuta nyingine, faili likafunguliwa na kusomwa hadi mwisho. Zoezi hilo huchukua asubuhi moja, nalo halihitaji bajeti.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Ukurasa wa halmashauri usipofunguka, jaribu kwanza tovuti nyingine. Ikiwa nazo hazifunguki, jaribu simu ya jirani anayetumia kampuni tofauti. Nyingine zikifunguka na wetu ukagoma, toa taarifa kwa mtendaji wa kata au kitengo cha TEHAMA ukitaja saa, jina la ukurasa na maneno yaliyotokea kwenye kioo. Ukisema tu kwamba mtandao umekufa, fundi atalazimika kuanza upya safari yote, kutoka mnara wa simu hadi baharini.