Vumbi la chuma: Usipulize, futa

Msomaji, ukipeleka drami za breki za gari lako zikerezwe Kiganjo, Nyeri au Karatina, utamwona fundi akitoka kwenye mashine akiwa mweusi kama muuza makaa. Weusi ule si grisi. Drami hutengenezwa kwa chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Chuma hicho kina kaboni ya kiasi cha asilimia 2 hadi 4, nyingi yake ikiwa grafiti, kitu kile kile kilichomo ndani ya penseli. Ndiyo maana kinapokatwa hakitoi nyuzi ndefu, bali huvunjika kuwa chembechembe na vumbi.

Asubuhi za baridi kali ya Mlima Kenya mafundi hufunga milango, na vumbi lote hubaki ndani. Jioni mmoja huchukua mpira wa kompresa na kupiga mashine upepo. Kwa maoni yangu, hakuna mazoea mabaya kuliko haya. Chembe kubwa hurushwa machoni. Zile ndogo zisizoonekana huelea hewani kwa muda mrefu, zikivutwa na kila aliyemo, hata mteja anayengoja gari lake.

Vumbi la chuma chenyewe huonekana kama madoa kwenye eksirei ya kifua, ila aghalabu halimdhuru mtu sana. La kutisha ni linaloandamana nalo. Puli mpya ya mashine ya kusaga mahindi huwa bado na mchanga wa kalibu kwenye ganda lake. Mchanga huo ukisagika huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiopona, ambao pia humfanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi. Drami kuukuu nazo huenda zikawa na vumbi la lainingi zenye asbesto, ambalo madhara yake hujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi.

Drami na ioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kufungwa kwenye mashine. Baada ya kazi, zungushia sumaku kitambaa (mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku mwaka 2017), okota vumbi, kisha chomoa sumaku juu ya debe. Sumaku haishiki mchanga wala grafiti, kwa hiyo malizia kwa tambara lenye mafuta kidogo. Maji yataleta kutu. Leso usoni haitoshi. Vaa barakoa ya N95 na miwani ya kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga.

Chembe ikiingia jichoni, usisugue wala usikubali itolewe kwa njiti ya kiberiti. Suuza kwa maji safi. Isipotoka, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani chuma hushika kutu jichoni kwa muda wa saa chache. Chembe iliyoruka kwa kasi, kama vile drami inapogongwa kwa nyundo, yaweza kupenya ndani ya jicho bila maumivu makubwa. Mweleze daktari kuwa ni chuma, maana mashine ya MRI ina sumaku yenye nguvu nyingi, nayo yaweza kuisogeza chembe hiyo na kulipasua jicho kwa ndani.