Uwekevu si Ubahili: Somo juu ya Daftari la Nyumbani

Watu wengi hudhani kwamba nyumba yenye uwekevu ni ile isiyonunua kitu ila kwa kulazimika. Wasema: mwekevu ni mtu ajinyimaye. Maana hiyo si sahihi, tena imeleta madhara katika nyumba nyingi. Uwekevu ni akili ya kutumia mali mahali pake na kwa kadiri yake. Upande mmoja wa uwekevu pana ubadhirifu, yaani kutupa mali pasipo haja; upande wa pili pana ubahili, yaani kuizuia mali hata pale inapohitajiwa. Wazazi wengi wauogopa ubadhirifu, nao wana haki. Leo twapenda wautazame na ubahili, kwa sababu mara nyingi huingia nyumbani kwa jina la uwekevu, ukapokewa na kusifiwa.

Njia nzuri ya kujifunza ni kuwatazama wale wenye sifa ya kuweka akiba. Wazee husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na nyumba za namna hii zina daftari. Ukilifungua hutakuta soda ya kila siku wala kitenge cha kushindana na jirani. Lakini utakuta malipo machache ya kushangaza: fedha zilizotolewa kwa kazi ambazo watu wa nyumba hiyo wangeweza kuzifanya wenyewe bila kutoa hata senti moja. Wala hawayafuti malipo hayo mwezi unapokuwa mgumu. Kwa nini? Tuchungue matatu kati yake.

La kwanza: ada ya mashine ya kusaga

Kinu na mchi havidai fedha. Mahindi ya nyumbani yaweza kutwangwa, kupepetwa, kulowekwa, kuanikwa na kutwangwa tena hata yawe unga. Tangu zamani kazi hiyo ilikuwa ya mama na mabinti zake. Mashine zilipofika vijijini, debe la mahindi likawa unga kwa muda mfupi tu. Leo ni nyumba chache sana, hata za wakulima wenye kipato kidogo, ambazo zingekubali kurudi kinuni kila siku ili kuokoa ada ya mashine.

Sababu yake ni wazi kwa kila mwenye kuhesabu saa pamoja na shilingi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitamka bila kuficha kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wengine wote nchini, pengine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Basi, mtu mwenye siku ya saa 14 hana saa ya bure. Akitwanga kwa saa mbili, saa hizo hana budi kuzitoa mahali: katika usingizi wake, katika palizi ya shamba, au kwa mtoto aliaye mgongoni. Kutwanga hakukuwa bure hata siku moja. Kulilipiwa kwa fedha isiyoandikwa katika daftari.

Walakini mwekevu hafumbi macho afikapo mashineni. Anayetaka sembe nyeupe hulipa kukoboa, kisha hulipa kusaga. Na katika kukoboa huondolewa ganda na kiini cha punje, ambamo mna sehemu kubwa ya vitamini na madini ya mahindi. Anayesaga dona hulipa mara moja tu, naye hupata chakula kamili zaidi. Hivyo katika mlango mmoja wa mashine twaona malipo ya aina mbili: kusaga, ambako kwamwondolea mama mzigo, na kukoboa, ambako mara nyingi ni kununua weupe wa ugali.

La pili: moto

Kuni za kuokota hazina bei. Lakini zina safari ya kwenda na kurudi, zina mzigo wa kichwani, na zina moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 walikufa ulimwenguni kwa sababu ya hewa iliyochafuliwa na moto wa nyumbani. Anayekaa karibu na mafiga kuliko wote ni mama, na aliye karibu na mama ni mtoto mchanga. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwa shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Njia ingali ndefu. Lakini tazama nyumba nyingi zilizokwisha kununua mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6: hata mwezi ukiwa mgumu hawauuzi. Huutumia kwa uangalifu, kwa chai ya alfajiri, kwa uji wa mtoto, kwa kupasha chakula cha jioni, na vyakula vya kuchemka kwa muda mrefu huviachia jiko la mkaa.

Kuhusu vyakula hivyo, pana akina mama wa mijini ambao hununua maharage yaliyokwisha chemshwa kwa muuzaji wa mtaani. Jirani huwacheka: maharage makavu ni rahisi zaidi! Ni kweli, ukihesabu maharage peke yake. Lakini maharage makavu huchemka kwa saa kadhaa, na mkaa wake una bei. Muuzaji hupika sufuria moja kubwa kwa moto mmoja, na gharama ya moto ule hugawanyika kwa nyumba nyingi. Kwa hiyo mwenye hesabu huujumlisha mkaa katika bei ya maharage, ndipo aamue. Pengine ataona kwamba kuyaloweka usiku kucha, ambako hakugharimu kitu na hupunguza muda wa kuchemka, kwatosha. Pengine ataona kwamba kununua yaliyoiva ndiko kuweka akiba. Vyote viwili ni uwekevu, maadam vimepimwa.

La tatu: ada ya kutuma fedha

Hapo zamani mtoto aliyefanya kazi mjini aliwapelekea wazazi fedha kwa mkono wa msafiri, au kwa dereva wa basi, au alipanda basi mwenyewe. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008. Tangu hapo fedha hufika kijijini kwa dakika moja. Kila safari ya fedha hukatwa ada, na watu huinung'unikia ada hiyo. Hata hivyo mtu asiyekunywa chai hotelini hata mara moja kwa mwezi huilipa bila kusita. Ajua kwamba akiikwepa atalipa nauli, atapoteza siku ya kazi, na atahatarisha fedha zote njiani.

Kipimo cha maswali matatu

Tukiyalinganisha malipo haya twaona yana asili moja. Hayakununua starehe. Yamenunua muda, nguvu, afya au usalama kwa bei iliyo ndogo kuliko thamani ya kitu chenyewe. Kwa hiyo kila nyumba yaweza kuyapima manunuzi yake kwa maswali matatu. Je, malipo haya yaokoa nini? Yamwokoa nani? Na kile kilichookolewa chatumikaje?

Swali la tatu lisisahauliwe. Ikiwa saa mbili zilizookolewa mashineni zimekuwa masomo ya binti, au bustani ya mboga, au mapumziko ya mama mjamzito, ada ile imezaa. Ikiwa zimepotea katika masengenyo, si kosa la mashine, bali faida imemwagika njiani.

Udogo udanganyao

Yapo manunuzi mengine yanayofanana na uwekevu, kumbe ndiyo yamalizayo mfuko. Ni yale ya kidogo kidogo. Tuseme, kwa mfano tu, gunia la mkaa lauzwa shilingi 60,000, nalo hutoa makopo 50 yauzwayo shilingi 1,500 kila moja. Anunuaye kopo kwa kopo atalipa jumla ya shilingi 75,000. Zile 15,000 za ziada ni malipo ya kutokuwa na 60,000 mkononi siku ya kwanza. Ndivyo ilivyo kwa mafuta ya kupima, sukari ya pakiti ndogo, na vocha za simu za kila asubuhi.

Hatumlaumu alipwaye kwa siku, kwani naye hununua kwa siku. Lakini dawa ipo. Nyumba tano zikichanga shilingi 12,000 kila moja, zapata gunia zima na makopo 10 kila nyumba. Na kila nyumba imebakiwa na shilingi 3,000 ambazo zingeondoka bila kuonekana.

Nani ahesabuye?

Sasa twafika penye kiini cha somo letu. Katika nyumba nyingi ashikaye fedha si yeye afanyaye kazi ambayo fedha ingeiondoa. Baba huhesabu shilingi za gesi. Mgongo wa mama hauhesabu. Huona ada ya mashine, asione kwamba binti amefika shuleni amechelewa kwa sababu ya kuni. Tena baba huyo huyo aweza kupanda bodaboda kwa mwendo wa dakika kumi, akasema kwamba yeye ana haraka. Huo si uwekevu. Ni kuweka akiba kwa mabega ya mtu mwingine, na nyumba iishiyo hivyo hujenga uchungu ambao siku moja utadai malipo yake.

Kwa haki hiyo hiyo, mama naye asiifanye kazi yake kuwa kisingizio cha kununua kila kilichorahisishwa. Vitunguu vilivyomenywa na mchicha uliokatwa tayari vyaweza kumfaa arudiye kazini jioni giza limeingia. Kwa aliye nyumbani mchana kutwa, vinahitaji kujibu yale maswali matatu kama vitu vingine vyote.

Zoezi la juma hili

Twawashauri baba na mama wachukue daftari moja na kuligawa kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza waandike kila shilingi itokayo kwa siku saba. Ukurasa wa pili waandike saa: nani amechota maji, nani amekwenda kuni, nani amepika, na kwa muda gani. Siku ya saba jioni waketi pamoja, na watoto wakubwa wawepo, wajibu maswali haya:

1. Ni malipo gani ya juma hili yaliyompunguzia mtu mzigo wa kweli? Hayo yalindwe.
2. Ni malipo gani yaliyorudiwa kidogo kidogo mpaka yakawa makubwa? Hayo yatafutiwe njia ya kununua kwa pamoja.
3. Ni kazi gani tuliyoiita ya bure, lakini mmoja wetu ameilipia kwa usingizi, afya au masomo?

Swali hilo la tatu aanze kulijibu yule ambaye ukurasa wake wa saa umejaa kuliko wote, na wengine wamsikilize hata amalize.