Simu ya Mezani Kazini: Kumfikisha Mpigaji kwa Mhusika

Kijitabu hiki ni cha anayekaa karibu na simu ya ofisi: katibu muhtasi, karani wa masjala, mhudumu wa mapokezi, muuguzi wa zamu, hata mlinzi wa getini ambaye usiku simu zote huishia kwake. Wengi wao walikabidhiwa simu bila maelezo. Fundi alikuja, akachomeka waya, akapiga namba moja kujaribu, akaondoka. Karatasi ya maelekezo ilibaki kwenye boksi, na boksi likaenda stoo.

Vitufe ni vingi, kazi ni moja: mwananchi aliyepiga amfikie mwenye jibu, bila kukatiwa na bila kusimulia shida yake upya kwa kila anayepokea. Kwetu anayepiga ndiye anayelipa. Mtu akiwa Mkuranga na simu ya mkononi, akapiga namba ya ofisi inayoanza na 022, kila dakika anayosubirishwa inatoka kwenye salio au bando lake. Ndiyo maana hatutapitia kila kitufe kwa uzito ule ule. Vitatu vinatosha kubadilisha huduma: cha kusubirisha, cha kuhamisha na cha kuelekeza simu kwingine. Vingine tutavigusa tu.

Usiulaze mkonga mezani

Kosa linaloonekana kila ofisi ni hili. Mpigaji anauliza jambo, mpokeaji anasema "subiri," analaza mkonga juu ya meza na kumwita mwenzake: "Wewe, yule mama wa jana kapiga tena, tumwambieje?" Mama wa jana anasikia kila neno. Wengine huziba mkonga kwa kiganja, wakidhani sauti haipiti. Inapita.

Kitufe kilichoandikwa HOLD kipo kwa ajili hiyo. Ukikibonyeza, mpigaji hakusikii na wewe humsikii. Kwa mifumo mingi husikia muziki au mlio mfupi unaojirudia, ndipo anajua hajakatwa. Taa ya laini yake huanza kuwaka na kuzima. Ukitaka kurudi kwake, bonyeza kitufe cha laini hiyo inayomulika, au HOLD yenyewe mara ya pili, au RESUME ikiwa imetokea kwenye kioo. Mwambie kabla ya kubonyeza, na mwambie sababu: "Naomba usubiri dada, naangalia faili lako." Dakika moja ikipita, rudi hata kama huna jibu. Ukiona jambo litachukua muda, chukua namba yake umpigie wewe, kwa gharama ya ofisi.

MUTE ni kitu kingine, na watu huvichanganya. Ukibonyeza MUTE, maikrofoni yako imefungwa lakini mpigaji bado unamsikia, na yeye hasikii muziki wala chochote. Inafaa kwenye mkutano wa simu, unapotaka kukohoa au mlango unapogongwa. Haifai kumsubirisha mtu: ukimya wa ghafla humfanya aite "halo, halo," kisha akate akiamini mtandao umeleta shida.

Kuhamisha simu

Hapa ndipo wapigaji wengi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Kuna njia mbili za kuhamisha. Ya kwanza ni kumrusha mtu: unabonyeza TRANSFER, unapiga ekstensheni, unabonyeza tena au unakata, basi. Hujui kama kuna aliyepokea, na aliyepokea hajui nani anakuja wala anataka nini. Ya pili ni kumkabidhi: unampigia kwanza mhusika, mnaongea, akikubali ndipo unamwachia simu. Njia ya pili inaongeza kama nusu dakika. Ukilinganisha na mzee kupiga upya mara tatu asubuhi hiyo hiyo, hiyo nusu dakika si kitu.

Ione ikifanyika kwenye meza ya mapokezi ya halmashauri:

"Mapokezi, habari za asubuhi."

"Nzuri. Natafuta mtu wa ardhi."

"Shikamoo baba. Nikusaidie nini kuhusu ardhi, ili nikuunganishe na mwenyewe?"

"Marahaba, mwanangu. Nilileta barua ya kiwanja tangu mwezi wa tatu. Kila nikipiga nazungushwa."

"Pole baba. Naomba jina lako, na kiwanja kiko kata gani." Anaandika. "Asante. Anayeshughulikia barua hizo yuko ekstensheni 214. Simu ikikatika, piga tena namba hii hii uombe 214. Sasa nampigia, utasikia muziki kidogo."

Anabonyeza TRANSFER. Laini ya mzee inasubirishwa yenyewe. Anapiga 214, na kwenye baadhi ya simu analazimika kumalizia kwa alama ya reli au OK ili namba iondoke. Inapokewa.

"Kaka, nina mzee laini ya pili. Alileta barua ya kiwanja mwezi wa tatu, jina nakutajia sasa hivi. Anasema amezungushwa. Nikupe?"

"Nipe."

TRANSFER mara ya pili. Mzee na afisa ardhi wameunganishwa. Mhudumu wa mapokezi ametoka.

Angalia alivyotaja namba 214 kabla ya kuanza kubonyeza. Jambo dogo hilo ndilo linalomwokoa mpigaji laini ikikatika. Na afisa alipopokea, hakuanza na "nani mwenzangu?" bali alikuwa tayari na jina na shida.

Je, 214 isipopokewa? Usimwache mzee akisikiliza simu inayoita chumba kitupu. Bonyeza CANCEL, au kitufe cha laini yake inayomulika, urudi kwake: "Baba, hayupo mezani. Niache ujumbe, au nimpe mwingine wa idara hiyo?" Kukata mkonga katikati ya hatua hizi ni hatari. Kwenye simu moja kukata hukamilisha kuhamisha, kwenye nyingine humwacha mpigaji akining'inia, kwenye nyingine simu hukuitia upya. Jaribuni ninyi kwa ninyi, mmoja akiigiza mpigaji kwa simu ya mkononi, mpaka kila mtu ajue simu yenu ina tabia gani.

Ofisi zenye simu za zamani zisizo na kioo hazina kitufe cha TRANSFER. Tafuta kilichoandikwa FLASH, RECALL au herufi R. Kibonyeze mara moja, usikie mlio wa laini, piga ekstensheni, zungumza na mwenzako, kisha weka mkonga chini. Kama hata hicho hakipo, gusa kwa haraka kile kitufe ambacho mkonga hukilalia. Gusa tu: ukikikandamiza, umekata.

Kumrusha mtu bila kumkabidhi kunaruhusiwa mahali pamoja, pale unapompeleka kwenye dawati ambalo daima lina mtu na ambalo kazi yake ni kupokea kila anayekuja, kama chumba cha dharura cha hospitali.

Kuelekeza simu kwingine, na kusahau kuirudisha

Kitufe cha FORWARD au FWD huipeleka simu inayokuja kwenye namba nyingine. Unaweza kuagiza ziende zote, au ziende pale tu laini inapotumika, au pale tu usipopokea baada ya milio kadhaa. Kwa afisa anayetoka na kurudi, hiyo ya mwisho ndiyo bora: akiwepo anapokea mwenyewe, asipokuwepo anapokea mwenzake.

Matatizo huanza na "zote." Afisa anaenda likizo Mbeya, ameelekeza simu za mezani kwenye simu yake ya mkononi. Kila mwananchi anayepiga analipia kufika ofisini, na ofisi inalipia kipande cha kutoka ofisini hadi mkononi kwa afisa. Au anaelekeza kwa mwenzake, mwenzake naye siku hiyo hiyo kaelekeza kwake, na simu zinazunguka bila kumfikia yeyote. Ukiona kioo cha simu yako kina mshale au neno FORWARD na hukumbuki kuliweka, lifute kwanza ndipo uendelee na kazi.

Simu za mkononi zina utaratibu huo pia, na matapeli wanaujua. Mtu anakupigia akijifanya fundi wa mtandao, anakutaka ubonyeze nyota nyota 21 nyota, kisha namba fulani, kisha reli. Ukifanya hivyo umeelekeza simu zako zote kwake, na zikija simu za kuthibitisha akaunti yako ya benki atazipokea yeye. Kwenye mitandao ya GSM, kubonyeza ##002# na kupiga hufuta maelekezo yote ya namna hiyo. Simu za ofisi nazo zimewahi kuchezewa. Marekani kulienea utapeli ambapo mpigaji aliyejifanya fundi alimwomba mpokeaji abonyeze 9, 0 na reli kisha akate. Kwenye baadhi ya mitambo hilo lilimpa mpigaji laini ya nje, akapiga simu za mbali kwa bili ya ofisi. Fundi wa kweli haombi hivyo. Mwambie aje, au umpigie wewe kwa namba ambayo ofisi inayo.

Laini ya nje na dharura

Ofisi nyingi zinahitaji ubonyeze 9, au 0, ndipo upate laini ya nje. Hili lina upande wa hatari. Mwaka 2013, katika hoteli moja ya mji wa Marshall, Texas, mwanamke aitwaye Kari Hunt alishambuliwa na mumewe ambaye walikuwa wametengana, na akafariki. Binti yake wa miaka 9 alipiga 911 mara nne kwa simu ya chumbani. Haikutoka hata moja, kwa sababu simu ile ilitaka 9 kwanza na mtoto hakujua. Mwaka 2018 Marekani ikatunga Sheria ya Kari, inayotaka mifumo mipya ya simu za namna hiyo iipige 911 moja kwa moja.

Muulizeni fundi wenu swali hili: mtu akinyanyua mkonga na kubonyeza 112, polisi wanapatikana? Na 114 ya Zimamoto? Kama jibu ni mpaka uanze na 9, aweke mfumo ukubali njia zote mbili, na mpaka atakapofanya hivyo, bandikeni kwenye kila simu maandishi makubwa: 9, kisha 112.

Vilivyobaki

CONF huongeza mtu wa tatu kwenye maongezi, kwa hatua zinazofanana na za kuhamisha. Kabla hamjaanza, kila mmoja aambiwe nani yuko kwenye laini. Hivyo hivyo kwa spika: mwambie mpigaji kwamba umeiwasha na nani anasikia. Kumsomea mgonjwa majibu ya vipimo kwa spika katika chumba chenye watu sita si utovu wa adabu tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019.

Kupokea simu inayoita meza ya jirani bila kuinuka kunawezekana kwa namba ya mkato; kwenye mifumo mingi inayotumia programu ya Asterisk ni nyota 8. Wachache huitumia, na ni hasara. DND huzuia simu isiite kabisa, na mpigaji huambiwa laini ina shughuli. Iwashe kwa kikao, na uizime kikao kikiisha. Taa nyekundu inayomulika hata simu isipoita huwa ni ujumbe wa sauti. Mwananchi wetu hapendi kuzungumza na mashine, hubipu tu, kwa hiyo akijikaza akaacha ujumbe, usikilize siku hiyo hiyo.

Ukipiga ofisi nyingine na mashine ikasema bonyeza 1 au 2, nawe ukabonyeza isielewe, geuza simu uangalie chini au ubavuni. Kama kuna swichi yenye herufi P na T, iweke T. Mashine inatambua namba kwa sauti mbili zinazolia pamoja, 5 kwa mfano ni mitetemo 770 na 1336 kwa sekunde, na simu iliyowekwa P haitoi sauti hizo.

Umeme ukikatika, simu ya zamani ya waya iliyounganishwa moja kwa moja na kituo cha simu huendelea, kwa kuwa inapata nguvu kutoka huko. Simu ya kisasa ya intaneti hula umeme kupitia waya wa mtandao au adapta yake, na huzima pamoja na taa isipokuwa mtambo unaoilisha una betri ya akiba. Hospitali na vituo vya polisi visisubiri usiku wa giza kulijua hilo.

Mwisho ni orodha ya ekstensheni. Ichapwe kwa vyeo na kazi, si majina peke yake, maana watumishi huhama na barua za viwanja hubaki. Juu iandikwe tarehe iliporekebishwa mara ya mwisho, na cheo cha anayewajibika kuirekebisha. Nakala moja ikae mapokezi, moja kwa mlinzi.